Milango ya Masuwa

Haya nimeyapata kwa wifi yangu Somoe, mwaka ule mvua ilipoikata barabara ya kwetu akashindwa kurudi kwake, akakaa kwangu mpaka tukamaliza mihogo yote ya shamba la nyuma. Tulikuwa tukimenya, yeye anasimulia, mimi nasikiliza, na mara kwa mara namwambia, "Hebu rudia hapo wifi, nimepotea." Naye ananijibu, "Hata mimi nilipotea hapo hapo." Basi nawaandikia kama nilivyosikia, na mahali mtakapopotea mjue hamko peke yenu.

Jinsi alivyofika nchi ya Uremba hakunieleza, wala mimi sikumwuliza. Alichonieleza ni kilichompeleka. Mama yake, alipokuwa kitandani hajiwezi tena, alimshika mkono akamwambia: "Baba yangu amelala Masuwa, katika nchi ya Uremba. Alikwenda kuuza tumbaku, vita vikamkuta huko, hakurudi. Kaniletee udongo wa kaburi lake, hata konzi moja tu, uniwekee miguuni nilale na baba yangu." Mama akafa upesi, akazikwa bila ule udongo. Tangu hapo kila Somoe akifumba macho anamwona mama yake ameketi kitako juu ya kaburi, miguu ameikunja, anangoja. Ndipo akafunga safari.

Sasa, Uremba hapo zamani walikuwa na Mfalme, wakafanya vita vya mapinduzi kumwondoa. Wanamapinduzi walikuwa juu mlimani, Mfalme alikuwa chini kwenye boma lake. Wa juu wakashinda. Mpaka hapo hakuna anayebisha. Ubishi ni mkoa wa Masuwa, ulio katikati ya mteremko, ambao majeshi yote mawili yalipita humo yakipanda na kushuka. Je, watu wa Masuwa walikuwa na nani? Swali lenyewe ni hilo, na Uremba hawakuliacha vitabuni likae na wasomi. Wamelitia kwenye nyumba za watu.

Iko sheria inaitwa Sheria ya Milango. Inasema nyumba ya kila mtu itazame kule ambako watu wa mkoa wake walielekea siku za vita. Mkoa uliokuwa na wanamapinduzi, milango juu. Mkoa uliokuwa na Mfalme, milango chini. Mpita njia asihitaji kuuliza. Na mambo yote yanagawanywa kwa mlango. Wenye mlango wa juu hufunguliwa maji ya bomba asubuhi, wa chini hungoja jioni kama yamebaki. Kwenye sherehe, wa juu huketi vitini, wa chini husimama nyuma na kupiga makofi wanapoambiwa.

Wanaoamua nani alikuwa wapi ni Baraza la Wanahistoria. Baraza la kwanza lilikuwa la wale waliopigana wenyewe, nao walisema Masuwa wote ni mashujaa; milango ikawekwa juu. Wakazeeka wale, wakaja wanafunzi wao, na mwanafunzi hapati jina kwa kusema alichosema mwalimu wake. Wakagundua kwamba Masuwa waliwauzia askari wa Mfalme mbuzi. Milango ikahamia chini. Wakaja wanafunzi wa wanafunzi, wakagundua kuwa wale mbuzi walikuwa wagonjwa, na waliuzwa makusudi. Milango ikarudi juu. Na siku Somoe alipoingia, walikuwa wamekuja wengine.

Alielekezwa nyumba ya Bi Lichela, mjane anayepokea wageni. Akaona ukutani pana umbo la mlango, akagonga, akapiga hodi.

"Huo wa zamani!" sauti ikatoka ndani. "Zunguka!"

Akazunguka. Akaona umbo jingine, akagonga tena.

"Huo wa zamani zaidi! Mgeni, wewe umetoka nchi gani usiyejua mlango? Njoo ukuta huo huo, pembeni, huku jikoni!"

Somoe akafika jikoni amechoka kuliko alivyochoka njiani. Bi Lichela akamtazama, akacheka mpaka akashika kiuno. "Usione haya, dada. Masuwa hata mwizi hupiga hodi kwanza aelekezwe. Karibu. Sisi hapa hatuulizani habari za nyumbani, tunaulizana mlango uko wapi siku hizi."

"Na siku hizi uko wapi?"

"Hapo ulipoingilia. Lakini usiuzoee."

Ndani mlikuwa na mama yake Bi Lichela, kizee kidogo, mwepesi, kichwa cheupe, na kwenye paji la uso ana uvimbe mbichi juu ya kovu la uvimbe wa zamani. Jina lake Bibi Ngolelo. Somoe akamwamkia shikamoo, na kwa kuwa alikuwa na haraka ya shida yake, akamwuliza hapo hapo: "Bibi, ulikuwapo wakati wa vita?"

"Nilikuwapo, nilikuwa na meno ya utoto."

"Unakumbuka nini?"

Bibi Ngolelo akamgeukia binti yake. "Lichela, mwaka huu tulikuwa upande gani?"

"Bado wanabishana, mama."

"Basi bado sijakumbuka," akamwambia Somoe, kwa upole kabisa, kama mtu anayesema chai haijachemka.

Somoe anasema hapo ndipo kichwa chake kilipoanza kuzunguka, na hakikutulia mpaka alipotoka nchi ile. Akamvuta Bi Lichela pembeni, akamwuliza mama amefanywa nini usoni.

"Kuta, dada. Mlango ukihama, yeye akiamka huenda ulipokuwa. Kila baraza limempa nundu yake. Na sasa tangu waanze kubishana hataki kulala kabisa. Anasema silali mpaka nijue nitatokea wapi. Anasinzia kidogo, anashtuka, anapapasa ukuta. Kweli atanifia mikononi kwa kukosa usingizi, na wasomi bado wako kwenye chungu."

"Chungu gani?"

"Utakiona."

Asubuhi yake Somoe alikwenda kwa Msimamizi wa Milango na Makaburi, bwana mmoja anaitwa Tindwa, mtu safi, shati limenyooka, kilemba cha kazi kichwani. Makaburi ya Masuwa hayako pamoja. Kila mtu alizikwa pale alipoangukia, kwa hiyo yametapakaa mteremko mzima, kila moja na jiwe lake. Somoe aliyaona kwa mbali, lakini njia zote zilikuwa zimezibwa kwa miiba.

"Makaburi yamefungwa," Tindwa akasema. "Marehemu bado hawajajulikana walikuwa nani."

"Mimi namjua wangu, bwana. Ni babu yangu, muuza tumbaku, mgeni. Mama alisema alikuwa na kinundu nyuma ya shingo, kama hiki changu." Akageuka akamwonyesha.

Tindwa akakitazama kile kinundu kwa heshima. "Pole. Lakini kinundu siyo upande. Hapa tunauliza alikuwa juu au chini."

"Alikuwa anauza tumbaku!"

"Kwa nani?"

Somoe akauliza, je, kwenye mawe hakuna majina? Tindwa akaeleza bila kuona ajabu. Jiwe la kaburi lina nafasi ndogo. Baraza la kwanza liliandika "shujaa" chini ya kila jina. La pili likaamuru neno likwanguliwe liandikwe "msaliti". La tatu likakwangua tena. Kila kukwangua kunakula jiwe, na mafundi hawakuwa wote na mkono mwepesi, kwa hiyo majina mengi yaliondoka na maneno.

"Sasa mimi kaburi langu nitalijuaje?"

"Yapo mafungu, mama. Mawe yamewekwa alama za rangi, wenyeji na wageni. Wageni si wengi. Baraza likisema Masuwa ni juu, nitakufungulia, utatafuta kwa nafasi. Likisema chini, kwa bahati mbaya mawe yatang'olewa. Kuna barabara inajengwa."

"Na mimi nitabaki na nini?"

"Na barabara," Tindwa akasema. Hakusema kwa ubaya. Somoe anasema alikuwa mtu mwema, na alimpa hata maji ya kunywa.

Basi Somoe akaenda kwenye baraza kama mtu anayekwenda kusikiliza kesi yake mwenyewe. Ukumbi una pande mbili, wanahistoria wa juu huku na wa chini kule, kila mmoja na kigoda chake. Na desturi yao, anayebadili mawazo hujitwika kigoda chake kichwani akavuka mbele za watu wote. Kwa hiyo hawabadili ovyo. Katikati, juu ya meza, pana chungu kikubwa kilichovunjika mdomo, kilichochimbuliwa Masuwa. Wenyeji walijaa nyuma, Bi Lichela na mama yake wakiwamo, maana Bibi Ngolelo aliitwa kama shahidi.

Akasimama Mwalimu Sangi, mkubwa wa upande wa juu. "Chungu hiki si cha familia. Kilipikia jeshi. Na jeshi lililokuwa na njaa ni la juu. Kwa hiyo Masuwa waliwalisha wanamapinduzi."

Akasimama Mwalimu Pamwe, mkubwa wa upande wa chini. "Nakubali kilipikia jeshi. Lakini ndani tumekuta ukoko wa wali. Mwanamapinduzi gani alikula wali?"

"Baba yako!" mtu akasema nyuma, ukumbi ukacheka, akatolewa nje.

"Wali ulikuwa wa sikukuu," Sangi akasema.

"Sikukuu gani vitani?"

"Wewe hukuwapo."

"Na wewe hukuwapo."

Wakaendelea hivyo. Walikizungusha chungu, wakakinusa, wakakigonga kwa kalamu. Sangi akasema moshi umekaa zaidi upande mmoja, kwa hiyo upepo ulikuwa unatoka chini, kwa hiyo mpishi alikuwa anatazama juu. Pamwe akasema mtu akitazama juu na upepo unatoka chini moshi humwingia mgongoni, na kitu hicho hakionekani kwenye chungu. Mimi nilimwambia wifi, wewe, hapo ngoja, moshi ulitoka wapi? Akaniambia, "Usiniulize. Nilitoka nje nikajaribu kwa jani, nikageuka mwenyewe mpaka nikasahau nilikoanzia."

Alipokuwa nje akajiombea wa juu washinde. Kisha akamkumbuka Bi Lichela, naye alitaka lolote tu, mradi mama yake alale. Akajiona mwovu kwa kujiombea peke yake, akarudi ndani.

Ndipo akasimama kijana wa kike, Mwalimu Heriye, ambaye kigoda chake kilikuwa karibu na mlango kwa kuwa ni mgeni katika baraza. "Baba zangu," akasema, "chungu hiki mmekizunguka miaka yote. Nani kati yenu ameuliza kama chungu chenyewe kilijua kinampikia nani?"

Mtu akakohoa.

"Masuwa haikuwa juu. Masuwa haikuwa chini. Kumwuliza mtu wa Masuwa alikuwa upande gani ni kumwonea. Masuwa ilikuwa hali tata."

Somoe akamwangalia Bi Lichela, Bi Lichela akamwangalia Somoe. Kwa mara ya kwanza walisikia jambo linalokaribia akili. Somoe anasema alitaka hata kupiga makofi. Na makofi yakapigwa, makubwa. Wanahistoria wote wakajitwika vigoda, wakaenda katikati wakagongana. Sangi akamwambia Pamwe, "Mimi nimekuwa nikisema hivyo hivyo tangu zamani." Pamwe akajibu, "Na mimi, ila ulikuwa unanikatiza."

Tindwa akainua mkono. "Waheshimiwa, sheria inataka mlango uwe na upande. Tata ni wapi?"

Wakanong'onezana kwa muda. Heriye mwenyewe akakitazama kigoda chake, kama hakutazamia kuulizwa hivyo. Mwisho Sangi akatangaza: nyumba za Masuwa zitawekwa milango kwenye kona, kona inayotazama juu na chini kwa pamoja. Na mawe ya makaburi yang'olewe yote yalundikwe ghalani, mpaka kila marehemu atakapochunguzwa peke yake.

Somoe akaketi. Si juu, si chini, na kaburi limekwenda.

Ndipo, kwa heshima, wakamwita shahidi. Maana kwao shahidi huitwa baada ya uamuzi, asije akauharibu. Bi Lichela akamsogeza mama yake mbele, na Heriye akamwinamia kwa adabu.

"Shikamoo Bibi. Siku ile ya vita, watu wa Masuwa walikwenda juu au chini?"

"Marahaba mwanangu. Mwaka huu mmeamua nini?"

Watu wakacheka. "Tuambie unavyokumbuka wewe."

"Mimi? Mlango ulipokuwa juu nilikumbuka tunapanda, na pumzi zinanikata. Ulipohamia chini nikakumbuka tunateremka, na magoti yananiuma kabisa. Na mimi sikutembea."

"Hukutembea?"

"Nilibebwa. Mama alikuwa na mdogo wangu kifuani na moto uko nyuma, akanitupa kwa mgeni mmoja muuza tumbaku. Mtoto wa mgongoni anaona nini, mwanangu? Nilikuwa naona mgongo. Unanuka tumbaku na jasho. Na hapa, nyuma ya shingo, alikuwa na kinundu. Ndicho nilichokishika nisianguke."

Somoe akajikuta amesimama, mkono uko shingoni mwake mwenyewe.

"Naye alielekea wapi?" Sangi akauliza.

"Mbele."

"Mbele siyo upande, Bibi."

"Ndiko alikoelekea lakini."

Heriye akamshika mkono. "Asante sana Bibi. Hii inathibitisha utata." Watu wakapiga makofi, na baraza likaenda kula.

Nje Somoe alimpigia magoti Bibi Ngolelo pale pale kwenye vumbi. "Bibi, yule ni babu yangu. Tafadhali. Yuko wapi?"

Bibi akamtazama, macho yamejaa uchovu. "Alinishusha. Akaketi. Akasema ngoja nipumzike kidogo, hakuinuka tena. Wakamzika pale pale."

"Pale wapi?"

"Ukinipeleka nitapajua. Ila acha nilale kwanza, mwanangu. Wameshasema mlango uko wapi?"

"Kwenye kona, mama," Bi Lichela akasema.

"Kwenye kona," Bibi akarudia. "Sasa mtu anatokaje kwenye kona?" Na siku ile pia hakulala.

Kesho yake mafundi walifika pamoja na Tindwa. Hapo inabidi niwaeleze jambo moja. Uremba mlango wa zamani huzibwa kwanza, ndipo mpya hufunguliwa, kusudi nyumba isiwe na historia mbili kwa wakati mmoja. Siku zote lilikuwa jambo la muda mfupi, wenye nyumba wanangoja ndani gizani wakizungumza. Kwa hiyo Somoe na Bi Lichela na mama yake walikuwa ndani mlango ulipokandikwa, wakasikia mafundi wanazunguka, wanaanza kuchimba kona.

Ninyi mliojenga nyumba ya miti na udongo mmeshajua. Kwenye kona ndipo paa lote linapolalia.

"Jamani!" Bi Lichela akapaza sauti. "Hiyo nguzo!"

"Ni amri, mama!" fundi akajibu kutoka nje. "Hata mimi naiona!"

"Kama unaiona si uache!"

"Nikiacha nitaandikwa sikuelewa utata!"

Shoka likapiga, nguzo ikakatika, na paa likashuka upande mmoja polepole, linalia, vumbi na makuti yanawaangukia. Bi Lichela akatoka kwanza kwa magoti kupitia lile tundu la kona, akavuta mkeka na chungu chake cha maji. Bibi Ngolelo alikuwa amekwenda kule ulikokuwa mlango wa zamani zaidi, anapapasa ukuta kwa mikono miwili. Somoe hakufikiri. Akamgeuzia mgongo, akachuchumaa. "Panda, Bibi! Panda!" Akambeba, akainama, akatoka naye kwenye kona huku paa linamkwaruza kichwani. Kisha likalala chini kabisa, kama kuku anapoatamia.

Tindwa alikuwa amesimama na kalamu yake. "Mmetokea... samahani mama, mmetokea upande gani?"

"Wewe baba wewe," Bi Lichela akamwambia, "kama una haya, nenda kaziambie nyumba nyingine zisikatwe." Na Tindwa akaenda, tena mbio, kilemba kikadondoka hakukirudia. Kama aliwawahi, Somoe hakukaa kujua.

Maana alipotaka kumshusha Bibi, Bibi alikataa. "Si ulitaka nikupeleke? Twende. Nikishuka nitasahau."

Miiba ilikuwa imeondolewa njiani, na mawe ya makaburi yameshang'olewa tangu alfajiri. Mteremko mzima umebaki vituta tu, vikubwa na vidogo, vimefanana kama matuta ya viazi. Jua lilikuwa la mchana. Bibi alikuwa mwepesi kama mzigo wa majani makavu, kidevu chake kiko begani mwa Somoe, anaelekeza kwa kidole.

Walipofika penye kichuguu akasema, "Hapa. Nishushe. Hapana, usinishushe. Ni hapa."

"Una hakika, Bibi?"

"Kabisa. Palikuwa na kichuguu."

Somoe akapiga magoti na mzigo wake mgongoni, akachota konzi ya udongo, akafunga kwenye pindo la khanga. Machozi yakamtoka. Akainuka, hawakwenda mbali, wakafika penye majani marefu na mfereji mdogo mkavu.

"Ndiyo hapa," Bibi akasema.

"Bibi, umesema kule."

"Kule mlango ulipokuwa juu. Hapa nasikia maji. Aliomba maji."

Somoe akasimama katikati ya vituta, hajui acheke au alie. Akawaza kuumwaga ule udongo wa kwanza. Akamwona mama yake ameketi juu ya kaburi lake, miguu ameikunja. Hakuumwaga. Akachota konzi ya pili, akaifunga pamoja na ya kwanza. Wakaenda tena, na penye mawe mawili yaliyoegemeana Bibi akamgonga bega.

"Na hapa pia, mwanangu."

"Mtu hazikwi mahali patatu, Bibi!"

"Huyu alinibeba mbali."

Basi akachota na hapo. Fundo lilikuwa limekuwa kubwa, udongo mwekundu na mweusi na wa changarawe umechanganyika, wala hakuna mwanahistoria wa Uremba ambaye angeweza kuutenganisha tena. Ule ndio alioupeleka nyumbani, na ndio aliomwekea mama yake miguuni, wote. Lakini hayo ni ya baadaye.

Pale kwenye mawe aligeuka kumrudisha Bibi kwa binti yake, aliyekuwa ametandika mkeka wazi, mbele ya paa lililolala. Njia ilikuwa inakata mteremko kwa ubavu. Wakaenda polepole. Baada ya hatua chache Somoe akahisi mkono wa Bibi unatembea begani, unapapasa kama ulivyokuwa ukipapasa kuta, unapanda, unafika nyuma ya shingo. Ukakuta kile kinundu. Ukasimama. Kisha vidole vikakishika vizuri, kama mtu anayeshika mpini wa jembe lake mwenyewe.

"Kumbe ulikuwa unapumzika kweli," Bibi akasema taratibu. "Nilidhani umekufa."

Somoe hakumsahihisha.

"Tunapanda au tunateremka?"

Somoe akaitazama njia mbele, akaitazama nyuma, akatafuta la kumjibu mtoto wa mgongoni. Alipofungua kinywa akasikia kichwa cha Bibi kimekuwa kizito begani, pumzi ndefu zinaingia na kutoka. Amelala.